Ugonjwa wa Jumatatu Unaokuja Jumapili

Kifua cha Biira kilijua siku kuliko kalenda ya ukutani. Jumapili asubuhi anaingia kazini mzima, kitambaa kichwani, kitenge kimekazwa kiunoni. Ikifika saa sita, kifua kimebanwa kama mzigo wa kuni unaokazwa kamba. Jioni anakohoa mpaka machozi yanatoka. Jumatatu kamba inalegea kidogo, Jumanne inalegea tena. Alhamisi anaimba nyimbo za kanisani juu ya kelele za mashine, na Ijumaa jua likianza kushuka anaweka ufagio chini, anakwenda nyumbani kushika Sabato kama Mungu alivyoamuru. Jumapili anarudi, na kamba iko palepale inamngoja.

Alikuwa anafagia katika jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kando ya barabara ya kwenda Bwera, chini kule kwenye joto. Wakulima huleta pamba ikiwa na mbegu na majani makavu ndani. Mashine zinang'oa mbegu, zinapuliza nyuzi, na upande wa pili watu wanakandamiza marobota. Katikati ya hayo yote kuna vumbi. Usifikiri ni vumbi la barabarani, ambalo ukilimwagia maji linalala. Hili ni jeupe, jepesi, halina haraka. Linaelea. Linakaa kwenye kope na kwenye nywele za pua, na wanawake wanaofagia chini ya mashine hutoka pale kama waliomwagiwa unga.

Biira alikuwa amefagia vumbi hilo misimu kumi na tisa. Umri wake ulikuwa miaka sitini na moja, shule aliiacha darasa la pili, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyemwambia kaa akakaa kabla hajauliza kwa nini.

Msimu ukianza mashine hazilali hata siku moja. Kwa hiyo wafanyakazi waligawana mapumziko kwa makanisa. Wasabato hawaji Jumamosi, na wale wengine hawaji Jumapili. Mpango ulikuwa mzuri, hakuna aliyeulalamikia. Ila kulikuwa na jambo moja. Wasabato waliugua kifua Jumapili. Wale wengine waliugua Jumatatu.

Atim alikuwa wa wale wengine. Mke wa mwanajeshi, kabila la kaskazini, anakaa kambini na watoto wanne, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Jumatatu aliugua yeye, lakini Jumapili jioni, akipita na nguo zake za kanisani na kumkuta Biira ameinama getini anakohoa, hakumwacha.

"Unaona, Biira? Mungu anakupiga juu unafanya kazi siku yake."

"Na wewe Jumatatu nani anakupiga?" Biira alimjibu, pumzi juujuu. "Ama Mungu wako siku ile iko likizo?"

Wakacheka. Mzaha huo waliula misimu mingi kama karanga, kila upande ukisema siku ya wenzao ndiyo yenye laana. Na kwa kuwa walikuwa wanacheka, hakuna aliyefikiri.

Waliojifanya wenye akili walikuwa na maelezo mengine. Walisema mwili ukionja kupumzika unakuwa mvivu, ukirudi kazini unagoma. Ndiyo maana kifua kinakaza siku ya kwanza. Dawa yake? Usipumzike. Na dawa hiyo, ajabu, ilifanya kazi. Naome, mtoto wa kaka yake Biira, ambaye Biira alimlea tangu ana meno mawili, aliifuata. Alikuja kufagia Sabato tatu mfululizo. Jumapili kifua chake hakikukaza. Kanisani wakamtoa kwaya, na Biira akakaa wiki nzima bila kumsalimia mle mle ndani ya nyumba.

"Senga," Naome alimwambia mwishowe, maana huko shangazi huitwa senga, "kwaya wamenikataza, lakini napumua."

Biira akageukia sufuria yake, lakini neno hilo lilimuuma kuliko dhambi yenyewe.

Halafu kikavunjika chuma kikubwa kinachozungusha mashine. Jumamosi mpaka Jumatano kiwanda kilinyamaza, na watu wote, Msabato na asiye Msabato, wakakaa nyumbani siku tano. Alhamisi mashine zikaanza kunguruma tena, na hapo ndipo Biira aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Saa saba mchana alikuwa anakohoa yeye, na Atim anakohoa, na wanaume wa marobota wanakohoa wameshika kuta. Jumapili na Jumatatu zilikuwa zimekuja pamoja, na zimekuja Alhamisi.

Alisimama na ufagio wake akamtazama Atim. Atim naye akamtazama. Siku hiyo hawakuchekana.

Saa tisa Naome alianguka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Walimpakia kwenye boda, Atim nyuma akimshikilia, wakamfikisha kituo cha afya.

Kesho yake meneja wa jineri, Bwana Tumusiime, alituma neno. Msichana ana asima, pumu ya kwao nyumbani, alisema, na mgonjwa wa nyumbani hana kazi hapa. Asirudi. Na wengine wenye kifua wajipime wenyewe kabla hajawapima yeye.

Neno la asima alilitoa wapi? Alilitoa kwenye daftari. Huko kila mgonjwa huja na daftari lake la shule, na musawo, yaani tabibu wa kituo, huandika humo ugonjwa na dawa. Biira alikuta daftari la Naome juu ya kitanda chake pale kituoni, akalifungua. Kusoma kwake kulikuwa kwa kupapasa, herufi moja moja, lakini neno hilo alilipapasa mpaka likafika. Akalichukua, akaenda moja kwa moja chumba cha musawo.

Musawo aliitwa Opio, kijana mpole kutoka upande wa Tororo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa anakula ndizi.

"Wabukire, musawo," Biira alimwamkia kwa Kikonzo, kisha akaweka daftari mbele yake. "Wewe naandika nini hapa?"

"Asima, mama. Kifua kinabana."

"Mutoto hii mimi nilimulea. Hapana lala na asima, hapana amuka na asima. Alilala na vumbi. Andika vumbi."

Opio akatabasamu. "Mama, vumbi si ugonjwa."

"Nilisikia kwa redio," Biira alisema, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Mutu wa ofisi ya kazi alisema. Iko sheria. Musawo akiamini mutu amepata ugonjwa kazini, iko lazima aandikie serikali. Si akipenda. Lazima. Na mwenye kiwanda vilevile. Ndiyo ama hapana?"

Opio akaweka ndizi chini. "Ndiyo. Sheria iko."

"Basi andika."

"Lazima niamini kwanza, mama. Na mimi nilijaribu kuamini." Alifuta mikono yake polepole. "Sikiliza. Shuleni tulisoma ugonjwa wa watu wa pamba. Upo, una jina refu, lakini watu wanauita ugonjwa wa Jumatatu. Kifua kinabana siku ya Jumatatu, halafu wiki ikienda kinafunguka. Msichana alipokuja nilimuuliza: kinabana siku gani? Akaniambia zamani ilikuwa Jumapili. Na sasa kimebana Alhamisi. Nikaona hapana, si ule. Nikaandika asima."

Biira akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akajipiga kifua, akacheka tena.

"Kitabu yako iliandikwa na nani?"

"Na madaktari. Wazungu."

"Wanasali siku gani, hao?"

Opio akalivuta lile daftari karibu.

"Wanasali Jumapili," Biira alisema. "Sisi tunasali Jumamosi. Jumatatu ya kitabu yako, musawo, kwa Msabato inakuja Jumapili. Na Atim anasali Jumapili, muulize: yeye anaugua Jumatatu, sawasawa na wazungu yako! Na wiki hii mashine ilikufa siku tano, wote tukapumuzika, wote tukaugua Alhamisi. Na huyu mutoto aliacha kupumuzika kabisa, akapona. Akapona! Siku si kitu. Ni ile siku ya kurudi kwa vumbi."

Nje mtoto alikuwa analia kwa sindano. Opio akainuka, akafunga mlango, na alipogeuka sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, umenishinda. Lakini unajua Tumusiime yuko kwenye kamati ya kituo hiki? Unajua magodoro wanayolalia wagonjwa nani alinunua? Nikiandika kwa hadithi, atasema nimelewa. Nataka kitu cha kushika."

"Kitu gani?"

Alichotaka ni kifaa kidogo cha plastiki, kama filimbi nene yenye mshale. Unavuta pumzi, unapuliza kwa nguvu, mshale unakwenda kwenye namba. Kifua kikiwa wazi namba inapanda, kikibanwa inashuka. Kituo hakikuwa nacho. Opio alisema atakwenda kukiazima Bwera kwa mwenzake.

"Na mimi nalete nini?"

"Lete wanawake. Kabla ya kazi na baada ya kazi. Jumapili na Jumatatu."

Jumapili alfajiri Biira alisimamisha wanawake watano wa Sabato, yeye mwenyewe akiwemo, nyuma ya jiko la kituo. Walikuwa na aibu. Kupuliza filimbi mbele ya kijana wa kiume, watu wazima! Mmoja aliuliza kama ni kipimo cha pombe. Biira akapuliza wa kwanza, mshale ukaenda mia tatu na kumi. Opio akaandika. Wakaenda kazini, wakafagia, wakarudi jioni. Biira akapuliza: mia mbili na ishirini. Wengine nao walishuka, wote watano bila kubaki mtu. Opio akaziandika namba zote.

Jumatatu alfajiri Biira alirudi na wale wanne, akamleta na Atim. Atim alipuliza kama anayezima moto, mshale ukaruka mia tatu na tisini.

"Unaona jeshi?" alijisifu.

Jioni alirudi anashika ukuta. Akapuliza. Mia mbili na themanini. Na Biira siku hiyo, ambaye siku yake ngumu ilikuwa jana, alishuka kidogo tu. Atim akaitazama ile filimbi, akamtazama Biira.

"Miaka yote hii nakusema wewe na Mungu yako," alisema. "Kumbe tunakula sahani moja."

"Kula polepole," Biira alimwambia. "Bado unakohoa."

Opio akaingia chumbani kwake, wanawake wakabaki mlangoni, akatoa kwenye droo fomu ya kuandikia serikali. Fomu yenyewe ilikuwa safi kama mtoto mchanga. Tangu aajiriwe hapo hakuwa amejaza hata moja. Alikuwa ameandika jina la kiwanda na aina ya kazi liliposikika gari nje. Wanawake wakageuka. Bwana Tumusiime aliingia uwanjani, mtu mnene wa sauti ndogo, viatu vinang'aa. Hakusalimia.

"Nasikia kuna mkutano," alisema. "Mimi sina ubaya. Musawo afanye kazi yake. Lakini fomu ile ina nafasi ya jina, sivyo? Basi mwanamke ambaye jina lake litaingia pale, kesho asije kwangu. Siwezi kumwajiri mgonjwa. Nikimwajiri nitakuwa namuua, na mimi ni Mkristo."

Akamgeukia Biira. "Wewe mukaikuru, umezeeka. Nilikuwa nakubakiza kwa huruma."

"Huruma yako nimeikohoa misimu kumi na tisa," Biira akasema. "Haijaisha kutoka."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Tumusiime akarudi kwenye gari lake, lakini hakuondoka. Alikaa ndani, kioo chini, anatazama mlango wa musawo ili aone nani anaingia.

Wanawake wanne wa Sabato wakaondoka. Mmoja mmoja, bila kuaga. Mmoja alisema ana sufuria motoni. Biira hakuwazuia. Hasira ilimpanda, lakini aliijua njaa, na njaa haina kanisa.

Opio alikuwa na kalamu hewani. "Mama, naweza kuandika idadi tu. Wanawake sita, bila majina. Nikawalinda."

"Serikali ikija itauliza nani?"

"Itauliza."

"Na itajibiwa na nani? Na idadi?" Biira alivuta kiti mpaka mezani. "Andika Biira. Andika kubwa, Tumusiime aisome toka kwa gari."

Opio akaandika.

"Na mimi," Atim alisema. "Atim. Bwana yangu iko na bunduki lakini mimi niko na mudomo. Tumusiime anifukuze, nitamufuata mpaka kanisani kwake niimbe."

Akaandikwa.

Likabaki jina la Naome. Alikuwa kitandani chumba cha pili, mlango wazi, amesikia yote. Biira alikwenda akasimama mlangoni.

"Usiniandike, senga," Naome alisema kabla hajaulizwa. "Nikiandikwa sitarudi pale milele."

"Ulishafukuzwa."

"Kwa mdomo. Mdomo unaweza kugeuka. Karatasi haigeuki." Alikaa, akishika ukingo wa kitanda. "Mimi sina shamba. Sina bwana. Wewe unataka kushinda, mimi nataka kazi."

Maneno hayo yalimpata Biira mahali ambapo ya Tumusiime hayakufika. Angemlazimisha zamani, angesema mimi nilikulea, funga mdomo. Alifungua kinywa aseme hivyo hivyo, akaona ile midomo ya majivu, akakifunga.

"Jina ni lako," alisema. "Sitakusemea. Lakini nikuambie kitu moja tu. Usipoandikwa, Tumusiime atakurudisha, kweli. Atakurudisha kwa vumbi lile lile. Na safari ingine boda haitakimbia ya kutosha."

Akatoka. Akakaa kwenye benchi na Atim. Mbu walianza kuimba. Gari la Tumusiime lilikuwa bado pale. Opio alijifanya anapanga chupa.

Naome akaja taratibu, miguu peku, amejifunga shuka la kituo.

"Andika Naome," alimwambia musawo. "Lakini andika vilevile kwamba nataka kurudi kazini. Vumbi ndiyo sitaki. Kuna nafasi ya kuandika hivyo?"

"Hakuna."

"Andika pembeni."

Akaandika pembeni.

Opio alisema fomu itakwenda Kasese, kwenye ofisi ya kazi, Ijumaa, pamoja na pikipiki inayoleta chanjo.

"Ijumaa?" Biira alisema. "Mpaka Ijumaa karatasi hii itakuwa imeshakunywa chai na Tumusiime. Leta."

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa Kasese, fomu imekunjwa kifuani ndani ya mfuko wa plastiki, mbele ya meza ya afisa wa kazi. Afisa aliitwa Muhwezi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma fomu mara mbili. Alisoma zile namba za alfajiri na jioni, akazifuata kwa kidole.

"Nani alipanga hizi siku?"

"Mimi."

"Umesoma wapi?"

"Chini ya mashine."

Muhwezi akachukua muhuri, akaupiga kwenye fomu, akaupiga na kwenye nakala, akampa Biira nakala. Alisema itakwenda kwa wakubwa wake, na yeye mwenyewe atakuja kukagua kiwanda. Tena bila kumwambia mwenye kiwanda. Akafungua kitabu chake cha miadi. "Jumatano ya wiki ijayo."

"Jumatano hapana," Biira alisema.

Muhwezi akainua macho.

"Jumatano vifua iko wazi. Utatukuta tunaimba, utaandika watu ni wazima. Njoo siku ya kurudi. Njoo Jumapili."

"Mama, serikali haifanyi kazi Jumapili."

"Vumbi inafanya. Nimekuambia siku. Ukija siku ingine, umekuja kumuona Tumusiime, hukuja kutuona sisi."

Alisema hivyo akainuka, akaaga, hakungoja ahadi. Mlangoni alisikia kalamu inakwaruza karatasi, lakini aliandika nini, yeye hakujua.

Jumapili hiyo Biira alikwenda jineri kama kawaida. Jina lake lilikuwa limeshakatwa, la Atim pia, na askari wa geti, mwanajeshi mstaafu, alisimama katikati ya njia.

"Mama, leo hapana. Nimepewa amri."

"Shika amri yako, afande. Mimi nimekaa nje, nje si ya Tumusiime." Akakaa juu ya jiwe, mgongo wima. Saa tatu. Saa nne. Wale wanawake wanne walipita kuingia, wakamsalimia kwa macho. Saa tano Tumusiime akatoka ofisini akamwona, akasema kitu kwa askari, askari akainua mabega. Saa sita kikohozi kikaanza kusikika toka ndani, kwanza mmoja, halafu wengi. Jua lilikuwa utosini. Biira akaanza kumtukana Muhwezi moyoni, polepole, kwa mpangilio.

Saa saba kasorobo gari jeupe la serikali likakata kona. Muhwezi alishuka bado amevaa tai ya kanisani, mkononi ana begi, na nyuma yake Opio, ameshika ile filimbi.

Askari akapiga saluti, akafungua geti. Muhwezi akapita, Opio akapita. Biira alipofika, mkono wa askari ukashuka mbele yake.

"Wafanyakazi na serikali tu, mama. Wewe si mfanyakazi, si serikali."

Biira alimtazama Muhwezi, aliyekuwa amegeuka.

"Kwa karatasi yako," alimuuliza, "jina ya kwanza ni ya nani?"

"Ni yako," Muhwezi alisema. "Afande, toa mkono."

Mkono ukatoka. Tumusiime alikuwa anashuka ngazi za ofisi mbio, anafunga vifungo vya koti, tabasamu limetangulia. Biira alimpita. Aliwapita na watu wa serikali, akashika mbele, akasukuma mlango mkubwa wa bati, na vumbi jeupe likawatokea usoni.

"Ingia," alisema, kifua kimeshaanza kukaza. "Leo ndiyo siku yenyewe."